Mama Tone na Unga wa Betri

Kiwandani walimwita Mama Tone. Miaka kumi na mmoja alisimama kando ya pipa la kuzungusha, akidondosha maji ya chumvi za nikeli na manganizi pamoja na soda kali mpaka maji yaingie ukungu na unga wa kutengenezea betri uanze kutuama. Ukimimina kwa pupa, unapata tope linaloziba kitambaa cha kuchujia. Ukienda tone kwa tone, punje zinatoka mviringo na nzito.

Hata hivyo tope liliendelea kutokea, na wahandisi wakakuna vichwa mwaka mzima. Asubuhi moja Mama Tone akagoma kuosha pipa. Aliacha humo robo ya mzigo wa jana, kama mtu anayegandisha maziwa kwa maziwa, ndipo akaanza kudondosha. Unga mpya ukajishika kwenye punje za zamani, zikakua. Kitambaa hakikuziba tena. Alirudia mara kumi na nne, kila mara akiandika tarehe na vipimo kwenye daftari.

Alimwambia mtu mmoja tu: mdogo wake, kitinda mimba wao, mpimaji wa maabara humohumo kiwandani. Mama Tone ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na ndiye aliyembembelezea kazi hiyo ofisi hadi ofisi.

"Niandikie ripoti, mdogo wangu. Mimi na kalamu ni paka na panya."

"Usijali, dada. Niachie."

Mwezi uliofuata wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Meneja alitangaza kwamba aliyemaliza tatizo la tope amepatikana. Mama Tone akakaza kilemba, akainuka nusu. Likatajwa jina la mdogo wake. Akajifanya anasogeza kiti.

Alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Dada, nani angemsikiliza mwendesha pipa? Ningeweka jina lako, ripoti ingeozea kwenye droo."

"Ungeliweka kwanza, tukaona ikioza."

"Si ni faida yetu sote?"

"Sote nani?"

Mdogo mtu akainama kufunga viatu ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

Mama Tone alipeleka daftari kwa meneja. Meneja alilipekua kwa kidole kimoja. "Mama, hizi ni namba tu. Halafu huyu ni damu yako, yamalizeni nyumbani." Kisha akamwomba, bila hata kuona haya, awafundishe zamu nyingine mbinu hiyo mpya "ya mdogo wako".

Aliwafundisha, maana wenzake hawakuwa na kosa. Kazi ilipoisha akaomba kuhamia upande wa unga wa kauri, akaanza upya na watu asiowajua.

Kikulacho ki nguoni mwako; alilijua neno hilo tangu utotoni, ila hakuwahi kudhani nguo yenyewe aliishona yeye. Siku hizi mdogo wake akija, anapewa kiti, anaulizwa habari za watoto, anasindikizwa hadi mlangoni. Akiuliza, "Kazini je, dada?" Mama Tone hujibu, "Tunaendelea," na kumuuliza kama mvua imenyesha kwao.