Sauti ya Sahro Chini ya Hotuba

Sahro alizikwa kwenye kambi ya wakimbizi, mbali, mumewe hayupo. Mume huyo, Mzee Qorane, alibaki na kaseti moja ya sauti yake.

Watu wao hawakuandikiana. Walisema ndani ya kaseti, dereva wa lori akaibeba. Sahro aliituma hiyo akiwa bado anamwuguza mamaye huko. Ilimfikia mumewe Kayole, Sahro keshawekwa mchangani.

Kila Ijumaa baada ya swala mzee aliisikiliza. Kusoma hakujua. Aliivunja yale masikio mawili ya plastiki yaliyo ukingoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi juu yake, na kwa matundu yaliyobaki akawa anaitambua kwa kupapasa.

Anisa, binti wa marehemu nduguye, alikuwa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kurekodi redioni taarifa na hotuba za mawaziri, wa hapa na wa ng'ambo, kisha kuzichambua neno kwa neno.

"Unawatafutia uongo?" mzee alimwuliza siku moja.

"Hapana, Adeer." Ndivyo Wasomali wamwitavyo ami. "Natazama wanavyotutaja. Wakisema wakimbizi wamefurika, basi tumekuwa maji. Maji hayaulizwi jina, hujengewa ukuta. Neno hutangulia, ukuta ukafuata."

Mativo, mchonga vinyago wa chumba cha pili, alikuwa ameegemea mlango. "Mzee amefurika? Mbona tunalala naye ukuta kwa ukuta na sijalowa?"

Wakacheka. Mzee naye, kidogo.

Kaseti zilipomwishia, Anisa aliomba za zamani. Mzee akampa zile za mawaidha alizokwisha kuzizoea, akajibakizia moja aliyoipapasa akaikuta haina masikio. Hakuwaza kwamba za mawaidha nazo hutoka dukani bila masikio. Anisa akaziba matundu kwa karatasi, kama kila mtu afanyavyo, akarekodi.

Ijumaa mzee akawasha kaseti yake. Ikatoka sauti ya shehe. Akaitoa, akaipangusa, akaitia tena. Shehe yule yule.

Akaenda Eastleigh kwa kina Anisa. Hakuketi.

"Zile kaseti nilizokupa. Ziweke."

Ya kwanza mawaziri. Ya pili mawaziri. Ya tatu waziri akasema wimbi, akasema mzigo, akasema mipaka yetu. Watu wote hao, na hakutaja hata mmoja.

"Adeer, kuna nini?"

"Sahro yumo humo."

Anisa akashika mdomo. Akageuza upande wa pili: taarifa ya habari. Akarudi wa kwanza, akapeleka mbele, mbele zaidi, mpaka waziri akakatika na mwanamke akakohoa.

Ulikuwa mwisho wa kaseti. Mtumaji huanza na mwenye nyumba, akamwambia yake yote, ndipo akawasalimu wengine.

"...na Kadar mnisalimie," alisema Sahro. "Na Anisa, mwambieni asome. Na majirani wote."

Kisha kimya. Ya mumewe yalikuwa mwanzoni.

"Mimi amenitaja," Anisa akasema, machozi yanamtoka. "Nisamehe, Adeer."

"Umerekodi kwenye ulichopewa. Rudisha nyuma."

Waziri akaanza upya. Mzee akainama hadi sikio likagusa redio, akafumba macho, akimtafuta mkewe chini ya yale maneno, kama mtu anayesikiliza nyumba ya pili kupitia ukutani.

"Unasikia kitu, Adeer?"

"Waziri," akasema. Wala hakuliondoa sikio.