Mzigo wa Maombi wa Mwalimu Eudelia

Katika Shule ya Kiinjili ya Penieli, mjini Salcajá, hakuna mtu anayesengenya. Kusengenya ni dhambi, na imeandikwa hivyo kwa rangi ya buluu juu ya mlango wa jikoni. Walimu wa Penieli wana mahitaji ya maombi. Kila Jumatano mchana, watoto wakishaondoka, huketi duara katika darasa la chekechea, juu ya vile viti vidogo vinavyopeleka magoti ya mtu mzima hadi kidevuni, na mmoja mmoja hutaja mzigo wake. "Tumwombee mume wa dada fulani, Bwana amrudishe nyumbani mapema." Basi duara zima limeshajua kwamba mume wa dada fulani anachelewa, linajua na anakochelewa, na limejua bila kutenda dhambi yoyote. Kisha wote hufumba macho.

Mwalimu Eudelia Tzoc alikuwa fundi wa kazi hiyo, ingawa mwenyewe angesema ni neema tu. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza tangu enzi ambazo shule na kanisa vilitumia choo kimoja. Nusu ya waumini, pamoja na wazee wa baraza, walijifunza kusoma kwa kufuata kidole chake, herufi moja moja, katika Zaburi ya mchungaji na kondoo. Yeye ndiye aliyeshika funguo zote za shule, hata za makabati yasiyofungwa. Na sasa mkuu wa shule, mzee Efraín, alikuwa anastaafu Oktoba, mwaka wa masomo utakapoisha, na baraza la wazee lingemtaja mrithi. Eudelia hakukiomba kiti hicho kwa mtu yeyote. Kwa Mungu alikiomba kila alfajiri, kwa magoti, akimkumbusha sifa zake zote endapo huko juu wamesahau.

Kiti kingekuwa chake bila ubishi, kama asingekuja Abner.

Abner Ixcot alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, mwembamba kama uzi wa kufumia. Alikuja kutoka mji mkuu na shahada ya theolojia, gitaa, na meno. Hayo meno ndiyo yaliyomkera Eudelia kuliko vyote. Shahada mtu huisomea, gitaa mtu hulinunua, lakini meno meupe namna ile, yaliyopangika kama kwaya siku ya Pasaka, kijana yule aliyafanyia kazi gani?

Zamani ibada ya shule ya Jumatatu aliiongoza Eudelia. Watoto walisimama, waliimba, waliketi, wachache walisinzia, na heshima ilikuwepo. Alipokuja Abner, mzee Efraín akasema tumpe kijana nafasi. Kijana akaketi ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia, akasimulia jinsi Daudi alivyotumwa kupeleka jibini vitani walikokuwa kaka zake, na jinsi jibini lilivyonuka njiani. Watoto walicheka hadi wakajipiga mapajani. Hakuna aliyesinzia. Eudelia alilitafuta jibini katika Biblia yake, akalikuta. Harufu hakuikuta.

Siku hiyo hiyo Keila, mtoto wa darasa lake, ambaye asingejua kutofautisha b na d kama Eudelia asingemchorea b kiganjani, alimvuta sketi.

"Mwalimu, kwa nini wewe hujui hadithi kama za ndugu Abner?"

Eudelia alitabasamu kwa upendo wa Kristo, akampa mtoto ukurasa mzima wa herufi b aandike.

Ukaja msimu wa unyenyekevu. Abner alionekana akifagia ukumbi wa ibada kabla ya masomo. Kesho yake Eudelia alimtangulia, akafagia yeye. Abner akahamia kwenye madirisha. Eudelia akachukua vyoo vya wavulana, jambo ambalo hata mitume hawakuliandika. Walifukuzana hivyo katika unyenyekevu mpaka doña Chón, mama mfagizi wa shule, akaenda ofisini kwa mzee Efraín kuuliza kama amefukuzwa kazi.

Nyumbani, mume wake Rigoberto alikuwa akifuma vitambaa vya jaspe, vya nyuzi zilizofungwa mafundo na kutiwa rangi, kwenye kitanda chake cha mfumi, na kanisani alikuwa mtu wa benchi la mwisho, karibu na mlango.

"Leo kafanya nini yule?" aliuliza.

"Nani?"

"Yule tunayekula naye hapa kila jioni."

"Nimemtaja mtu mimi?"

"Hujamtaja, mama Rut. Ila hizo nyanya unavyoziponda, ni kama zimekuchekea."

"Simwonei wivu. Nina mzigo wa kiroho juu yake."

"Haya. Ila mzigo gani huo, hata kulala unalala nao kichwani."

Jumatano iliyofuata, Abner alichelewa kwenye maombi. Ilisemekana yuko kanisani anatengeneza kipaza sauti. Eudelia aliiona nafasi. Alisubiri wenzake wamalize magoti yao, shinikizo lao la damu na watoto wao waliovuka mpaka kwenda kaskazini. Kisha akashusha pumzi.

"Mimi naomba tumkumbuke ndugu Abner."

Viti vidogo vikalia.

"Ana nini?" aliuliza dada Noemí, karani wa shule, mwanamke ambaye habari ikimwingia saa nane, saa tisa imeshafika sokoni.

"Siwezi kusema zaidi."

"Anaumwa?"

"Kuna mambo, dada yangu, ni ya kumwachia Bwana."

"Tutaombaje tusichokijua? Ya mwilini au ya nini?"

"Ya ndani," Eudelia akasema, akiangalia sakafu. "Ya ndani kabisa. Mtu anayecheka vile mchana kutwa, hebu jiulizeni, analia saa ngapi?"

Hakuwa anajua lolote. Alichotaka wakidhanie ni mwanamke. Aliacha nafasi wazi yenye umbo la mwanamke, pengine wa mji wa Huehuetenango, pengine mke wa mtu, ili kila mmoja amjaze kwa rangi zake. Kisha akaomba, akaomba vizuri mno, sauti ikapanda na kukatika mahali panapostahili, mpaka machozi ya kweli yakamtoka kwa uzuri wa maneno yake mwenyewe.

Kosa lake lilikuwa moja: hakuhesabu wembamba wa Abner. Penieli walimwangalia kijana yule, wakakumbuka "ya ndani kabisa", na kabla giza halijaingia alikuwa na figo mbovu. Asubuhi zilikuwa figo zote mbili. Kwaya ikafunga kula. Akina mama wakapangiana zamu za supu, na kuku wa Salcajá wakaanza kutazamana. Mzee Misael wa baraza, aliyekuwa akisema Abner bado mtoto mno kwa uongozi, alivua koti lake la sufu mbele za watu akamvisha.

"Kijana anaoza figo," alisema mzee Misael, "na Jumatatu anawachekesha watoto wetu. Mnataka kiongozi wa namna gani tena?"

"Kuongoza," akaongeza mchungaji Obed, "ni kubeba msalaba huku unatabasamu."

Eudelia, ambaye alikuwa amebeba misalaba mingi bila kutabasamu hata mara moja, aliliona neno lile limerushwa juu ya kichwa chake likaenda kuangukia kwa mwingine. Na hakuweza kusema figo za mtu ni nzima. Angejuaje? Aliyeanzisha si yeye?

Zamu ya supu ilimwangukia Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alhamisi ni siku ya paches, na mkono wa Eudelia kwenye paches ulikuwa hausemwi vibaya na mtu: viazi vimepondwa laini, nyama katikati, pilipili ya kiasi, vimefungwa katika jani na kuiva kwa mvuke. Rigoberto alimtazama akizipanga kikapuni.

"Zile zenye nyama vipande viwili unampelekea yeye?"

"Ni mgonjwa."

"Mimi pia figo zangu siziamini siku hizi, kama kuna nafasi kwenye zamu."

Abner alikaa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Alifungua mlango akiwa na koti la mzee Misael, mikono imemezwa na mikono ya koti.

"Karibu, dada Eudelia. Ukae ukipata pa kukaa. Hapo supu, hapo supu, hilo blanketi ni la kwaya."

Eudelia aliangalia masufuria. Yeye alipopasuliwa nyongo, kanisa lilimtumia salamu.

Abner alifunga mlango, akabaki amesimama.

"Ulijuaje?" akauliza.

"Nilijua nini?"

"Jumatano ile nilifika mlangoni, nikasikia jina langu, nikashindwa kuingia. Ulisema mtu anayecheka vile analia saa ngapi." Aliondoa sufuria juu ya kigoda, akaketi. "Figo zangu nzima, dada. Nimemwambia kila anayekuja, wananiambia nisijikaze. Lakini ulichokisema wewe ni kweli. Nilikuwa siwezi kuomba."

"Huwezi vipi? Unaomba kila Jumatatu."

"Napiga gitaa. Mtu akipiga gitaa, hakuna anayemuuliza kama anaomba. Tangu mama yangu afe, nikifumba macho ni kama kupiga simu kwenye nyumba iliyohamwa. Inaita, inaita. Mwalimu wa Biblia mzima, nawafundisha watoto kuzungumza na mtu ambaye simu zangu mimi hazipokei."

Eudelia aliketi ukingoni mwa kitanda, kikapu mapajani.

"Nilikuwa nimeshaamua," Abner aliendelea. "Jumamosi ile nilikuwa nionane na wazee, niwaambie wasinitaje kwenye ukuu wa shule. Nilitaka niwatajie wewe."

"Mimi."

"Nani mwingine? Watoto wananipenda kama wanavyopenda likizo. Kusoma wanasoma kwako."

Kikapu kilikuwa bado mapajani mwa Eudelia, cha moto, na moto ule alianza kuusikia.

"Ulikuwa uwaambie Jumamosi. Sasa mbona hukuwaambia?"

"Kwa sababu nimeomba," Abner akasema, na meno yakaonekana. "Pale pale mlangoni, wewe ukiniombea. Sijui ilikuwaje. Ilifunguka. Tangu siku hiyo naomba kama mtu mwenye njaa anavyokula. Jumamosi nilikwenda kwa wazee nikawaambia, kama bado mnanitaka, niko tayari. Ni wewe, dada. Ulinibeba."

Eudelia alimwachia paches akatoka. Hata vyombo hakusema atavifuata lini.

Njiani alipita mbele ya duka la nyuzi, mbele ya mashine ya kusaga mahindi, watu wakimwamkia Mungu akubariki dada, naye akiitikia bila kuona ni nani. Alichokuwa akikionea wivu sasa kilikuwa kimepita gitaa, kimepita meno. Alikuwa amekiomba kiti miaka yote, kwa kufunga, kwa magoti yaliyoota sugu, kwa machozi ya kweli, na mbinguni kukaita tu. Ombi moja la uongo, alilolitunga juu ya kiti cha chekechea ili kumchafua mtu, lilijibiwa kabla hajasema amina. Likajibiwa kwa huyo huyo mtu. Kama Mungu husikia haraka namna hiyo, mbona alikuwa kimya alipoitwa na mwenyeji wake wa miaka yote? Alijaribu kulitafutia swali hilo mstari wa Biblia, na kwa mara ya kwanza kichwa chake hakikumpa mstari.

Jumapili kanisa lilijaa hadi dirishani. Abner alitoa ushuhuda wake wote, mama yake, ukimya, mlango, sauti ya dada Eudelia. Figo alizikana tena, na kanisa likaelewa kwamba zimepona. Ngoma zilipigwa, gitaa la besi likanguruma. Kisha mchungaji Obed akatangaza mkuu mpya wa Shule ya Penieli kuwa ndugu Abner Ixcot, na makofi yalipotulia, akamwita Eudelia mbele.

"Wapendwa, huyu dada ana karama ya kupambanua roho. Aliona lililofichika, wakati sisi wengine tuliona meno tu. Baraza limeona upako huu tusiupoteze kwenye makaratasi ya ofisini. Kuanzia leo dada Eudelia ndiye kiongozi wa maombezi ya shule. Tumemtengea na chumba, kile cha nyuma ya jiko." Akamkabidhi kipaza sauti. "Tuambie, dada. Bwana alikuonyesha nini siku ile?"

Watu walimsogelea kwa macho. Angeweza kusema aliona taa. Angeweza kusema aliona mto, watu wa Penieli hupenda mito. Alikishika kile kipaza sauti alichokitengeneza Abner, na kwa mshangao wake mwenyewe kikatoka kitu kingine.

"Hakunionyesha chochote," alisema. "Nilimwonea wivu. Nilitaka mmfikirie vibaya, ili kiti kiwe changu."

Mtoto mmoja alikohoa. Mchungaji Obed alitoa kitambaa akafuta macho.

"Mnamsikia?" alisema kwa sauti iliyokatika. "Hata utukufu wa karama yake anaukataa. Anajisingizia dhambi ili Bwana pekee atukuzwe."

"Amina," kanisa likaitikia.

"Nasema kweli, mchungaji."

"Amina," kanisa likasema zaidi, na mpiga ngoma, ambaye hakuwa akisikiliza, akaona hapo ndipo pa kuanzia.

Kwenye benchi la mwisho Rigoberto alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika, na dada Noemí akampapasa mgongo akidhani ameguswa na Roho.

Abner peke yake hakusema amina. Alimngoja Eudelia mlangoni watu walipokuwa wanatoka, koti la mzee Misael begani.

"Ulichokisema pale mbele," alimwambia kwa sauti ya chini, "mimi nimekiamini."

"Basi uko peke yako."

"Na wivu wenyewe? Umekwisha?"

Eudelia alimwangalia toka viatuni hadi juu. "Umezidi. Zamani ulikuwa na gitaa tu. Sasa una ofisi, na Mungu anakusikia."

"Basi endelea kuniombea ukiwa nao," Abner alisema. "Mimi umenifaa."

"Nitakuombea. Ni kazi yangu, nimepewa na chumba." Alifunga shali yake vizuri mabegani. "Lakini ibada ya Jumatatu naongoza mimi."

"Sawa, dada," akasema mkuu mpya wa shule, pale pale, bila hata kufikiri. Alikubali upesi mno, na hilo nalo likamuudhi.