Kidole Darajani

Juzi nilikwenda Kasulo kuhamisha vitu vya bibi, maana nyumba yake inabomolewa. Chini ya kitanda, ndani ya debe, nikakikuta kile kitabu. Nikakaa sakafuni. Siku hizi nimechoka, rafiki yangu, hata furaha inanichosha.

Kilikuwa kitabu cha Kifaransa, cha kuchezwa. Wewe ndiye shujaa anayetafuta hazina: ukitaka kuvuka daraja nenda ukurasa huu, ukitaka kupita msituni nenda ule, ukikutana na zimwi unatupa dadu. Kilikuja nikiwa mtoto, na binti Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi ya jirani, ambaye mama yake alimpalilia bibi maharage kwa malipo ya mihogo. Kifaransa alisoma shule ya kambini. Alinitafsiria kwa Kirundi, nami kwa Kihangaza changu, kinachofanana nacho, nikaelewa. Dadu tulichonga kwa muhogo mkavu, tukaitia nukta kwa mkaa. Kuku wakaidonoa, tukachonga nyingine, bibi akinung'unika kwamba chakula hakichezewi.

Tatizo lilikuwa mimi. Sikukubali kufa. Kila tulipofika njia panda niliacha kidole ukurasa wa nyuma, ili tukikosea turudi.

"Toa kidole. Umekufa."

"Turudi darajani tu, dada."

"Mwoga wewe, unashindwa na kuku wa bibi yako. Kwetu waliokufa hawakushikiwa ukurasa."

Alisema akicheka. Nami nilirudi darajani.

Kisha watu wa kambini wakaanza kurudishwa kwao kwa malori. Tuliahidiana kukimaliza kabla zamu yao haijafika, lakini nilitaka kila njia ijaribiwe, na zamu ikafika hazina hatujaiona. Asubuhi hiyo alipita na mama yake, akampa bibi shikamoo, akanipa kitabu.

"Malizia. Usirudi nyuma."

Kifaransa nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada, nikirudia kila neno hadi nisilione kosa. Kitabu sikukifungua. Niliogopa kukisoma vibaya.

Kambi sasa ni vichaka na mashamba ya watu. Harufu ya moshi wa kuni zao, kelele za kwenye foleni ya maji, vyote vimekwisha, na bibi naye hayupo kunung'unika. Juzi hiyo nilichonga dadu ya muhogo, nikaanzia darajani, nikatupa. Kamba za daraja zikakatika, nikafa kifo kile kile tulichokuwa tukikikwepa kwa kidole.

Nikakifunga. Mikono yangu yote miwili ilikuwa nje ya kitabu, na hakukuwa na wa kunicheka.