Mkeka Mbele, Gari Nyuma

Watu wa Isiolo wamezoea magari ya kila namna: malori ya mbuzi, pikipiki zenye watu wanne na kondoo juu. Lakini gari lenye kitanda, jiko la gesi na karo ya kuoshea vyombo lilikuwa moja tu mjini, nalo ni la mzee Ekitela. Aliachiwa na mzungu mmoja na mkewe, waliongoja spea miezi miwili, wakachoka, wakapanda ndege. Ufunguo wakampa yeye, kwa kuwa ndiye fundi pekee aliyeweza kulifanya lingurume.

Ekitela alilipenda gari lile kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa kwanza. Alijua kila tundu linalotoa oili. Likisimama tu, mkono wake unavuta sufuria kuukuu kutoka chini ya kiti na kuisukuma chini ya injini. Tone, tone, tone. Kabla ya kuondoka anaichuja ile oili kwa kitambaa, anairudisha ilikotoka.

"Haipotei," humwambia mkewe. "Inatoka kupunga hewa kidogo tu."

Mkewe, Florence, alikuwa amesukuma gari hilo mara nyingi kuliko alivyolipanda. Wiki hiyo mtu wa vyuma vikuukuu alikuja na mizani yake mpaka langoni, na Florence akamwambia arudi Jumamosi.

"Baba Apua, sikiza," akamwambia mumewe. "Alhamisi unapeleka nyumba ya Ruweida kule Kinna. Gari ikifika kabla ya alasiri bila kuvutwa, mimi nanyamaza. Ikivutwa hata hatua moja, Jumamosi inapimwa kilo. Na nitakuwa ndani, nisije nikahadithiwa."

Nyumba ya Ruweida ilikuwa nyumba kweli. Dahabo, mama yake, alikuwa Mborana wa kushika mambo ya zamani: binti akiolewa, mama anapeleka fito na mikeka, wanawake wanaisimamisha kwa mume kabla jua halijashuka. Siku zake Dahabo, mzigo huo ulibebwa na ngamia. Lakini ngamia wake walikuwa mbali huko Sericho, wakifuata maji, ndipo akamkumbuka Ekitela na gari lake la kitanda. Nyumba ibebwe na nyumba, alisema, si vibaya.

Alhamisi saa moja asubuhi fito, mikeka na masufuria vikafungwa juu, vibuyu vya maziwa vikalazwa kitandani, na Dahabo na mdogo wake wa kiume, Jillo, wakajibanza kando ya karo. Ukabaki mkeka mmoja mpana, uliosukwa na marehemu mama yake Dahabo. Huo kwao una heshima yake: unatangulia nyumba, haukai nyuma wala hauchanganywi na masufuria.

"Mama Ruweida, usijali," akasema Ekitela, na kwa furaha ya kuaminiwa akaufunga mwenyewe kwenye pua ya gari, kamba tatu, ukakaa pale kama bendera. Watu wakapiga vigelegele. Hata Florence alicheka.

Basi wakaondoka. Hawajamaliza nusu saa, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu na mvuke ukatoka puu. Ekitela akatoa sufuria ya oili, Florence akashuka na mtungi wa maji.

"Leo imechemsha hata bila mlima," akasema Florence.

"Ni furaha ya harusi," Ekitela akajibu, lakini moyoni hakuelewa.

Mara ya pili likachemsha karibu na Kulamawe. Hapo oili nayo ikazidi kuvuja, maana oili ya moto ni nyepesi, inakimbia. Ekitela akalala chini, akasugua sabuni ya kipande na nyuzi za gunia kwenye ufa, akatoka uso mweusi, meno tu yanaonekana.

"Mzee," Jillo akasema akichungulia dirishani, "ngamia saa hii angekuwa amefika, amekula, na yeye ameposa."

"Ngamia wako ana jiko la gesi?"

"Hana. Lakini hajawahi kunifukiza."

Mara ya tatu lilichemsha mahali pasipo na kitu ila miba na upepo. Jua lilikuwa limevuka utosi. Mitungi mitatu ilikuwa imekwisha. Umebaki mmoja, na huo ni wa kunywa watu. Ekitela alikaa kwenye jiwe. Aliliona gari lake juu ya mizani, kipande kwa kipande, mlango, kitanda, karo.

Florence hakukaa. Alizunguka mbele, akaweka kiganja kwenye mkeka, akakiondoa haraka.

"Baba Apua. Umeendesha gari miaka mingapi?"

"Thelathini na mbili."

"Na pua yake inapumulia wapi?"

Jillo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mti wenye miba, akaendelea kucheka huku anachomoa miba.

"Hata mimi ukinifunga blanketi usoni nitachemsha," akasema Florence.

Ekitela alifungua kamba. Lakini mkeka ulipotoka, Dahabo akasimama mbele yake. "Ndani hauingii. Juu kuna masufuria. Nyuma ndiyo kabisa. Mimi sitafika kwa wakwe na mkeka wa mama yangu ukifuata moshi."

Wakiwa hivyo, pikipiki ikatokea kwenye vumbi. Ni Kuno, kijana wa Kinna, anarudi kwao peke yake. Jillo akamsimamisha, akapanda nyuma yake na mkeka umeviringishwa begani kama bunduki.

"Lakini huyu Kuno yuko mbele ya mkeka," akasema Ekitela, ambaye sasa alikuwa anaogopa kukosea tena.

Dahabo akafikiri. "Mkeka unatangulia nyumba. Kuno si nyumba."

Nusu ya mtungi ikaingia kwenye rejeta kupoza injini, nusu wakanywa. Wakaenda. Kuno akiongeza moto, Dahabo anapiga kelele asiwaache. Akipunguza, Ekitela anabana breki asije akapita mkeka. Vumbi lote la pikipiki wakalila wao. Upepo ukaingia kwenye ile pua, na mshale ukashuka, ukashuka, ukalala. Ekitela akaanza kuimba wimbo wa ng'ombe wa Kiturkana, Dahabo akajibu kwa wake wa Kiborana, lugha mbili hazikupatana hata kidogo, na Florence akapiga makofi kwenye karo.

Kinna waliingia saa nane na dakika arobaini. Wanawake waliupokea mkeka, na Jillo pamoja nao kwa kuwa alikataa kuuachilia. Fito zilishuka, na adhana ya alasiri ilipolia nyumba ilikuwa imesimama kufika kiunoni.

Mama mmoja aitwaye Faduma alilizunguka gari mara mbili. "Salaam aleikum. Hii inafika Sericho? Mwezi ujao natoa binti."

Ekitela alifungua mdomo aeleze habari ya oili, ya rejeta, ya barabara.

"Inafika," akasema Florence. "Ila utafute pikipiki ya mkeka. Na maji mitungi sita."

Ekitela akaufunga mdomo, akaenda kuvuta sufuria.