Mtoto Mkubwa wa Fundi Sare

Waliomwita Fundi Sare hawakukosea. Sare za shule tatu za jirani zilipita kwenye cherehani yake, na katika vipimo hakuwa na utani. Ungemwambia mtoto anavaa namba sita, angevuta futi iliyoning'inia shingoni, ampime, kisha akwambie ni saba. Ndiyo maana lilimkera mno jambo la watu kumpimia mwanawe kwa macho.

Mtoto alizaliwa na kilo tano na ushee. Wifi yake hakungoja hata kitovu kidondoke. "Wifi, ulikuwa unakula nini wewe? Au umembeba miezi kumi na miwili?"

Fundi Sare alicheka kwa midomo tu, ndani anafuka. Mama yake mzazi aliwahi kuzaa wavulana wawili wakubwa vilevile, wakafa wachanga, na mpaka leo wapo wanaonong'ona kwamba bibi yule aliwala. Upuuzi mtupu.

Aliyesema la maana ni daktari wa watoto. Alimweleza kuwa kuna jeni iitwayo GPC3, inayotengeneza protini yenye minyororo ya sukari. Protini hiyo hukaa juu ya seli na kuiambia basi, inatosha, acha kukua. Kwa mtoto huyu jeni hiyo ilikuwa na hitilafu. Aliipata kwa mama, ambaye hakudhurika kwa kuwa anayo nakala nyingine nzima. Mvulana anayo moja tu, kwa kuwa jeni hiyo iko kwenye kromosomu X.

"Si chakula, wala si mkono wa mtu," daktari alisema. "Ila figo zinaweza kuota uvimbe. Kila miezi mitatu umlete apigwe picha ya tumbo. Usikose."

Hakukosa. Alikoseshwa.

Picha ilikuwa bure kwa walio chini ya miaka mitano, na karani mpya wa dirishani alishawakamata akina mama kadhaa waliokuja na kadi ya mdogo ili atibiwe mkubwa. Alipoona mtoto wa miaka mitatu mwenye kimo cha miaka sita, akajiona amenasa mwingine.

"Mama, kadi hii si ya huyu."

"Ni yake. Na cheti cha kuzaliwa hiki hapa."

"Vyeti vimejaa mtaani." Akamwinamia mtoto. "Eti baba, una miaka mingapi?"

Mtoto wa umri ule ukimuuliza hivyo atakunyooshea mkono mzima, vidole vyote. Huyu alizaliwa na kidole kimoja cha ziada. Karani akahesabu.

"Sita. Kasema mwenyewe."

Foleni ikaangua kicheko. Fundi Sare akaomba aitwe daktari. Akajibiwa yuko masomoni, na awapishe wenye watoto wa kweli. Watoto wa kweli! Siku ile alishona kaptula nne akazifumua zote.

Daktari alirudi baada ya miezi mitatu. Aliposikia yaliyotokea, yeye mwenyewe alimpeleka mtoto hadi chumba cha picha. Kwenye figo ya kushoto kulikuwa na uvimbe wa sentimita saba.

"Tungeuona ukiwa mdogo, pengine tungekata kipande tu," alisema. "Sasa tutatoa figo yote."

Fundi Sare alimbeba mwanawe mpaka dirishani, akaipita foleni. Hakupaza sauti.

"Wiki ijayo mwanangu anatolewa figo. Uvimbe ulikuwa unakua wakati wewe unahesabu vidole."

"Mama, mimi nilifuata utaratibu."

"Utaratibu ni kusoma cheti. Hukukisoma."

Karani alinyanyuka kitini, akamtazama mtoto. Alikuwa amelala begani kwa mama yake huku ananyonya kidole, mate yakimlowesha shingo.

"Kumbe bado mdogo," karani akasema.

"Ana miaka mitatu," Fundi Sare alijibu. Akamhamishia bega la pili, maana alikuwa mzito, akaenda kuulizia wodi ya upasuaji.