Sensa ya Basi la Padova

Afanasie Guțu alikuwa na dini moja tu, nayo ni kutotupa kitu. Padri Pamfil alilijua hilo, ndiyo maana kila Pasaka alimpitia haraka na maji yake ya baraka, kama mtu anavyompitia mbwa asiyemjua. Afanasie alijifunza kazi kwenye kituo cha matrekta cha shamba la umma, chini ya mafundi wenye vyeo vingi na vipuri sifuri. Tangu hapo, kwenye gereji yake nyuma ya nyumba pale Hîncești, mji mdogo wa Moldova, alikuwa amefufua pampu, jenereta, mashine za kufulia, na mara moja meno ya bandia ya mama mkwe. Kubadilisha kifaa kizima, alisema, ni kazi ya muuza duka.

Mkewe, Domnica, zamani alipima sukari kwenye maabara ya kiwanda, mpaka kiwanda chenyewe kilipouzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kwa miaka ishirini na sita alimshikia mumewe taa. Alimpa spana kabla hajaiomba, na alipokosea hakumwambia. Aliisogeza tu taa mahali penye kosa.

Mwezi wa pili, wakila mamaliga, ule ugali wao wa mahindi, na jibini, Domnica alitangaza kwamba amepata kazi Padova, Italia, kumtunza ajuza mmoja asiyeweza kwenda chooni peke yake. Anatakiwa afike Jumanne ya mwisho ya mwezi wa tatu, asipofika nafasi anapewa mwingine. Atakaa miaka mitatu. Afanasie aliuliza kama chumvi imekwisha.

Miaka mitatu! Mji mzima uliijua hesabu hiyo. Baa ya stendi ilijaa wanaume walioachwa kwa miaka mitatu na sasa wako kwenye mwaka wa kumi na moja, wanajipikia viazi na kujiita wagane wa Italia. Walikuwa na mwenyekiti, naye alishaanza kumwinda Afanasie.

"Karibu chamani, fundi. Kiingilio ni mke mmoja."

Afanasie alimtukania mama yake, kisha akarudi nyumbani na maneno aliyotaka kumwambia Domnica. Kufika mlangoni, akamwambia bawaba inahitaji grisi.

Alhamisi ya wiki ya safari, Simion, dereva wa basi dogo la Padova, aliingia uani na gari linalokohoa kama mvuta tumbaku wa miaka sitini. Basi hilo liliondoka kila Jumapili baada ya ibada, limejaa wanawake, divai na kuku waliochinjwa. Liliporudi lilileta vifurushi vya makaroni, na mara mojamoja jeneza.

Injini ilikuwa ya Kimarekani, ya zamani, na ugonjwa wake ulikuwa kwenye sensa ya kemshafti. Ni kijidude chenye shafti yake fupi inayozungushwa na injini. Kazi yake kuiambia kompyuta pistoni ya kwanza imefika wapi, ili petroli imwagwe kwa wakati. Bushi zinazoishika shafti hiyo zilikuwa zimelika, na shafti ilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Simion alitoa kiboksi alicholetewa na binamu yake kutoka Chicago: bushi mbili, sili, pini, na jicho jipya la sensa.

"Jumapili nina watu kumi na sita, fundi," alisema. "Na shemeji yumo."

"Najua aliyemo."

Ijumaa kutwa na Jumamosi asubuhi Afanasie alifanya kazi nzuri kuliko zote za maisha yake. Aling'oa bushi kuukuu kwenye jiriwa, akazisukuma mpya taratibu kwa kipande cha mti asizikwaruze, akapiga msasa shafti mpaka ikazunguka bila sauti. Domnica alishika taa. Saa tano akamwachia mumewe taa, akaingia ndani kufunga mabegi.

Afanasie alirudisha sensa kwenye tundu lake akiwa peke yake. Aliipanga sawasawa, alama kwa alama. Bolti ya kibano, ile inayoizuia sensa isijizungushe, aliikaza kwa vidole viwili. Kisha akafunga boneti. Mtikisiko wa barabara ungemaliza kazi: sensa ingejigeuza kidogo kidogo, injini ingepoteza hesabu, gari lingevutwa kurudi kwake, na Jumanne ingepita.

Jumapili Padri Pamfil alinyunyizia mabasi maji kwa shada la rihani, akaifungua hata boneti ya Simion ili baraka ziingie vizuri. Domnica alivaa koti lake la harusi za watu. Afanasie alimwambia aangalie mkoba wake kwa sababu Waitalia ni wezi. Basi likaondoka. Akaenda nyumbani, akachinja jogoo mkubwa, akabandika sufuria ya watu wawili.

Domnica alipiga simu kabla nyama haijaiva.

"Uko wapi?" aliuliza, akijitahidi kushangaa.

"Kilomita sita kabla ya mpaka. Gari lilizima mlimani."

"Mwambie Simion atafute wa kulivuta. Nitaliangalia."

"Nimeshaliangalia."

Akamweleza bila kupandisha sauti. Wanawake walikuwa wakiyalaumu maji ya padri, Simion akimlaumu kila mtakatifu kwa jina. Yeye alivua koti, akaomba spana. Sensa ilizunguka mkononi mwake kama kifuniko cha chupa ya achari. Akairudisha kwenye alama, akaikaza, gari likawaka.

"Bolti umeifunga kwa vidole, Afanasie. Hata ukiwa umelewa hujawahi kufunga bolti kwa vidole."

Afanasie alikoroga sufuria.

"Nimewaambia ni barabara," Domnica aliendelea. "Tangu mwezi wa pili nakungoja useme. Neno moja tu, nisiende. Ningefungua mabegi. Hata sasa, bado nimesimama nje ya gari."

Nyuma yake honi ililia. Sufuria ilichemka, maji yakamwagika motoni. Afanasie alifungua mdomo.

"Umeikaza kwa spana namba ngapi?"

Honi ililia tena.

"Kumi na tatu," Domnica alisema. "Usijali, itafika." Akakata.

Jogoo yule Afanasie alimla peke yake kwa siku nne. Huu ni mwaka wa tano.

Domnica hakumtangaza, lakini wanawake kumi na watano wana macho thelathini, na habari ilirudi Hîncești kabla ya makaroni. Kwaresima iliyopita, Simion alipoleta gari kukaguliwa bushi, alikuja pia mwanamume mmoja wa mtaa wa juu ambaye mkewe alikuwa anasafiri kesho yake. Alisimama karibu na jiriwa, akatoa chupa ya konyaki, akauliza kwa sauti ya chini kama fundi hawezi kufanya tena ile kazi yake, ile ya vidole.

Afanasie alipokea konyaki. Aliinama chini ya boneti, akachukua spana namba kumi na tatu, akaikaza bolti mpaka mwisho.