Aliyeangusha Ndiye Anayeinua

Babu alinifundisha mieleka kwenye mteremko wa shamba letu, juu ya Lushoto, maharage yakishavunwa. Kwetu huku mahali tambarare ni adimu. Ukitaka kucheza, unacheza mlimani. Aliyesimama upande wa juu ana nafuu, kwa hiyo kila mtu akianguka tulibadilishana nafasi. Na aliyeangusha lazima amwinue mwenzake, amkung'ute udongo mgongoni, ndipo mchezo uendelee.

"Usipomwinua hujashinda," babu alisema. "Umesukuma mtu tu."

Tulipoanza kijiji cha ujamaa, kiongozi wetu wa vijana akatuletea ngumi. Hata glavu zilikuwa za ujamaa: jozi mbili kwa kijiji kizima, na mtunzaji ni mimi. Nilizipenda mpaka nikawa nalala nazo, naota niko uwanjani Tanga nashangiliwa. Babu hakutaka hata kuzigusa.

"Mwanamume kuficha vidole! Siku nikiona umemwacha mtu chini, hizo nazitia jikoni, chini ya chungu."

Siku ya kuchagua bondia wa kwenda kushindana Tanga, babu alikuja, akakaa mbele kabisa. Mpinzani wangu alikuwa mpasua mbao wa kijiji cha bondeni, mabega kama mlango. Raundi ya pili nikampata kidevuni. Chini! Mwamuzi akaanza kuhesabu. Nilijua natakiwa kwenda kwenye kona yangu, lakini mwili ulishainama wenyewe. Nikamshika makwapani, nikamsimamisha, nikamkung'uta vumbi.

Watu walivyocheka!

"We kijana, unamfufua wa nini?"

"Mpe na uji basi!"

Mwamuzi akanikaripia, akanikata pointi. Mpasua mbao naye, pumzi zilipomrudia, akanitandika pua. Mwishoni mkono ulioinuliwa ulikuwa wake. Tanga akaenda yeye.

Ngumi sizidharau. Zimenifundisha kumtazama mtu machoni bila kupepesa. Ila wao aliyeanguka wanamhesabia. Sisi tunampa mkono.

Wakati wa kurudi, babu alinyoosha mkono, akazichukua glavu, akazitundika shingoni mwake. Tukapanda mlima hivyo, mimi na pua yangu iliyovimba.

"Shikamoo mzee. Hizo nini tena?" mama mmoja akamuuliza njiani.

"Marahaba. Za mjukuu wangu. Leo kamwangusha mtu mkubwa, halafu kamwinua."

Habari ya pointi hakuitaja. Alimwambia kila tuliyekutana naye, mpaka nyumbani.